Habari za wahitimu wenzako: uandike nini, uache nini

SWALI: Shikamoo mzee. Nimechaguliwa katibu wa kundi letu la wahitimu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuliomaliza mwaka 2016. Mwaka 2026 tunatimiza miaka kumi, na wenzangu wameniagiza niandae kijarida chenye habari za kila mmoja wetu: kazi, ndoa, watoto, masomo na wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Nilituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 134. Waliojibu ni 21, karibu wote wana vyeo, na mmoja ametuma picha sita za nyumba yake ya Goba. Wengine wananifuata pembeni wananiambia, "Mimi sina cha kuandika." Dada mmoja amenikataza kabisa nisiguse habari ya ndoa yake. Nifanyeje kijarida kisiwaumize watu? Na sheria inaniruhusu kuandika habari za watoto wa wenzangu? (Katibu, Tabata)

JIBU: Marahaba, Katibu. Pole na kazi. Ukatibu wa kundi la wahitimu mtu hupewa kwa makofi, makofi yakiisha anabaki peke yake na simu yake.

Nianze na la haraka. Dada aliyekukataza kugusa ndoa yake, mjibu "sawa" na uishie hapo. Usimuulize kwa nini. Wala usije ukamwekea sentensi ya "hakupenda kuzungumzia familia yake", kwa sababu hiyo ndiyo itakayowafanya watu 130 waanze kupigiana simu. Muulize tu kama jina na kazi yake vinaweza kutokea. Akikubali, viandike kwa ukamilifu uleule utakaowapa wengine, msomaji asihisi kwamba kuna mstari umekatwa. Akikataa, asitokee.

Sasa hao 21 kati ya 134. Sijauona ujumbe wako, lakini nimehariri kurasa za namna hii kwa miaka mingi na ninaweza kuukisia: jina kamili, cheo, mahali pa kazi, hali ya ndoa, idadi ya watoto, mafanikio. Karibu kila katibu mpya huanza hivyo. Hiyo ni fomu ya kuomba kazi, na mtu mzima wa miaka thelathini na kitu akipewa fomu ya kuomba kazi na wenzake aliokula nao wali maharage, ana mawili ya kufanya: aijaze kwa kujikweza au aifunge simu. Wenye vyeo wamejaza, wengine wamefunga.

Tena ulituma kwenye kundi na ukaruhusu majibu yaje palepale kundini. Wa kwanza alipoandika "Meneja wa Tawi, mke mmoja, watoto watatu, tumshukuru Mungu", kipimo kikawa kimeshawekwa. Wa pili akaongeza shahada ya uzamili, wa tatu gari. Yule anayefundisha kwa kujitolea kule Mbagala alisoma yote hayo akiwa kwenye daladala, akakuandikia pembeni kwamba hana cha kuandika. Anacho. Swali lako ndilo halikumpa pa kukiweka.

Kabla hujarekebisha fomu, kuna ukurasa mmoja uuandike wewe mwenyewe, na huo ndio utakaowafungua wengi: utangulizi unaoeleza mlitoka chuoni mwaka gani hasa. Makatibu wengi hupenda kuanza na sifa za chuo. Kwamba kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kwamba kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970, kwamba Museveni alimaliza hapo 1970 na Kikwete 1975. Yote ni kweli na yote yako kwenye vitabu. Lakini hakuna hata mmoja kati yenu aliyepanga foleni ya chakula na Kikwete. Liache hilo liandikwe na chuo.

Andika la kwenu. Mnamaliza mitihani katikati ya 2016, na mwezi wa Juni serikali inasimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Zuio lilitangazwa kuwa la muda mfupi, likachukua muda. Ajira za walimu zilipoanza kutoka tena, waliotangulizwa ni wa sayansi na hisabati. Wenzenu wa Historia, Kiswahili na Jiografia wakabaki mtaani na vyeti vyao kwenye bahasha za kaki. Mwaka huohuo sheria ya Bodi ya Mikopo ikabadilishwa, makato ya kila mwezi yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15, kwa hiyo hata aliyebahatika kuajiriwa alianza maisha na mshahara uliochomolewa kipande kabla haujamfikia. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilikuja kufutwa 2021, wengi wenu mkiwa mmeshakatwa kwa miaka. Na Julai 2016 ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, jambo linaloeleza kwa nini nusu ya marafiki zako wa serikalini huwaoni tena Mwenge wala Sinza.

Ukiyaweka haya kwenye ukurasa wa mbele, umemwambia kila msomaji kwamba miaka yake minne ya kuzunguka na bahasha ilikuwa ya darasa zima. Sisemi uwapake watu mafuta. Walioteleza kwa uvivu wao wapo, wanajijua, na kijarida hakiwahusu. Lakini tarehe hizo ni sehemu ya habari ya kila mmoja wenu, na bila hizo aliyepata kazi 2016 ataonekana hodari na aliyepata 2021 ataonekana mzembe, kumbe mmoja alisoma Fizikia na mwingine Historia.

Sasa ujumbe mpya. Mtumie kila mtu kwake, pembeni, kwa jina lake. Ni kazi, najua. Watu 134 ni jioni kadhaa. Uliza matatu tu: uko wapi siku hizi, siku yako inakwenda kwa shughuli gani, na ungependa wenzako wajue nini. Basi. Usiulize ndoa, usiulize watoto, usiulize cheo. Mwenye kutaka kuvisema atavisema chini ya swali la tatu, na atavisema kwa namna anayotaka visikike. Utashangaa watu wanachoweka hapo. Wapo watakaosema wanamuuguza mama yao Tanga na wamerudi nyumbani kwa ajili hiyo. Wapo wanaomtafuta mtu waliyeishi naye chumba kimoja hosteli ya Mabibo. Mwingine atakwambia amemaliza deni la Bodi ya Mikopo mwezi uliopita na anataka dunia ijue, na mimi hiyo ningeiweka juu ya picha za nyumba ya Goba.

Ukishapata majibu, usiyapange kwenye jedwali. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana mna mapenzi na jedwali. Safu ikiwa na kichwa "Watoto", mwenzako ambaye ametembea hospitali kwa miaka sita na mkewe atachapishwa akiwa na kistari. Safu ya "Ndoa" itamchapisha aliyeachika na kistari kingine. Maneno ya kawaida, aya moja kwa mtu mmoja, hayana nafasi tupu: ambacho hakikusemwa hakionekani kwamba hakipo.

Tazama tofauti. Hivi ndivyo utakavyoletewa: "Fulani, mjasiriamali, ameoa, watoto 2, Dar." Hapo mtu hajasema chochote, kila aliye mtaani siku hizi ni mjasiriamali. Mpigie, zungumza naye dakika kumi, kisha andika: "Fulani (Elimu: Jiografia na Kiswahili) alifundisha kwa kujitolea Mbagala akisubiri ajira ambayo haikuja. Siku hizi anauza vitenge mtaa wa Kongo, Kariakoo, yeye na mkewe, na Jumamosi huwafundisha Jiografia watoto wa kidato cha nne wa mtaani kwake Kivule. Wana watoto wawili. Anawatafuta wote waliokuwa naye kwenye mazoezi ya kufundisha Morogoro." Ameandikwa mtu. Wala hukumpamba kwa lolote, umesema tu anachofanya.

Kanuni hiyohiyo itumie kwa wakubwa, ila kwao kazi yako ni kupunguza. Aliyekuandikia "Mtaalamu Mwandamizi wa Mikakati na Uhusiano wa Kitaasisi" muulize kwa upole akifika ofisini asubuhi anafanya nini. Akijibu "naandika hotuba za bosi", andika kwamba anaandika hotuba katika taasisi fulani. Hatakuchukia, wengi hucheka na kukubali. Asiyekubali, mwandike cheo chake kama alivyokitaja na usibishane.

Kwenye vyeo kuna mambo ya kuhakiki, maana hapa ndipo kijarida huzua ugomvi. Anayekaimu andika "kaimu". Kuna watu wamekaimu hadi wamesahau, na kuna bosi mwenye kiti ambaye naye ana shemeji kwenye kundi lenu. Aliyemaliza shahada ya sheria hajawa wakili mpaka apite ile taasisi ya uanasheria kwa vitendo na kuapishwa. Kabla ya hapo andika kwamba ni mwanasheria. Mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi anapenda itajwe, na ana haki, kwa sababu usajili huo ana miaka ya kuufanyia kazi. Kadhalika aliyefaulu mitihani ya juu ya bodi ya wahasibu, ambayo humlaza mtu macho kuliko shahada yenyewe. Wa chuoni wana ngazi zao na wanazijua kwa moyo: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukimpandisha mtu ngazi moja kwa bahati mbaya, atakayekuandikia barua ni mwenzake wa ofisi ya jirani. Anayesomea uzamivu andika "anasomea". Udaktari uje na mahafali. Magufuli alichukua shahada yake ya kwanza hapo Mlimani 1988 na uzamivu 2009 akiwa tayari waziri, kwa hiyo mwenzenu aliye mwaka wa tano wa utafiti asiharakishwe na kijarida.

Kuhusu wale wa uteuzi. Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, ukitoka, kundi zima linapongeza mpaka simu zinapata moto. Wewe weka tarehe. "Hadi Machi 2026 ni mkuu wa wilaya fulani." Uteuzi na utenguzi vyote hutoka usiku, na kijarida kikishachapwa hakirudi kwa mchapaji.

Nije kwenye familia. Kuhusu ndoa, kaa mbali na kazi ya hakimu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya serikali na ya kimila, na kifungu chake cha 160 kinafika mbali zaidi: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, wanadhaniwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama sheria yenyewe haikimbilii kudai cheti, wewe katibu wa Tabata usidai. Mtu akikwambia "mke wangu", andika mke wake. Kama una wasiwasi kwamba kuna mke mwingine Mwanza, wasiwasi huo ulale nao.

Wanawake waliobadili majina ni tatizo dogo lenye usumbufu mkubwa. Wenzake wanamkumbuka kwa jina la baba yake, lile lililokuwa kwenye matokeo ubaoni. Kazini anaitwa kwa la mume. Hakuna sheria hapa kwetu inayomlazimisha mke kuchukua jina la mumewe, kwa hiyo usikisie. Muulize aitweje, kisha liweke jina la chuoni kwanza na la sasa lifuate, apatikane kwa yote mawili. Na kama kuna wenzenu wawili waliooana wao kwa wao, kila mmoja apewe aya yake. Nimeona vijarida ambamo dada aliyekuwa akiongoza darasa amegeuka kuwa nusu sentensi mwishoni mwa habari za mumewe, "na mkewe, ambaye pia alisoma nasi". Alisoma nanyi kweli, tena wengine walinakili notisi zake.

Kuna pia wale waliokuwa wachumba chuoni, kila mtu akajua, kisha kila mmoja akaoa au kuolewa kwingine. Utani wa Mabibo uuache Mabibo. Mume wa mtu atakisoma kijarida hicho akiwa sebuleni kwake.

Talaka haiandikwi isipokuwa mwenyewe ameiandika. Wapo wanaoiandika, kwa sentensi fupi na safi, "niliachana na ndoa mwaka juzi, ninalea watoto wangu wawili Tegeta", na ukipata sentensi kama hiyo usiiguse hata nukta.

Sasa watoto, na hapa ndipo swali lako la sheria linapojibiwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake ya kuisimamia. Sheria hiyo inazitenga taarifa fulani kuwa nyeti, na ndani ya kundi hilo zimo taarifa za watoto, za afya, za imani ya dini na za miamala ya fedha ya mtu. Taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Kwa kijarida cha watu 134 usitarajie tume ibishe hodi Tabata, lakini sheria imewekwa mahali pazuri na mimi ningeifuata hata kama isingekuwepo. Ukishaandika aya ya mtu, mrudishie aisome nzima. Akijibu kwa ujumbe "ndiyo, ichapishe hivyo", usifute ujumbe huo. Ndiyo maandishi yako. Bila jibu hilo, aya haichapishwi, hata kama habari umeitoa kwa rafiki yake wa damu.

Katika aya yenyewe, idadi ya watoto inatosha. Majina ya mwanzo si vibaya kama wazazi wanataka. Shule wanayosoma, tarehe kamili za kuzaliwa na picha wakiwa na sare za shule viache nje kabisa, hata mzazi akisisitiza. Kijarida cha PDF mnasema ni cha wanakundi, baada ya wiki kiko kwa shemeji, kwa fundi simu na kwa mtu msiyemjua. Kwa sababu hiyohiyo usichape namba za simu. Jina kamili, mahali pa kazi, jina la mwenza na namba ya simu kwenye ukurasa mmoja ni mtaji kamili wa wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Anayemtafuta mwenzake apitie kwako.

Afya nayo msiikaribie. Aliyepona saratani akitaka kuwashukuru waliomchangia, ni yake kusema. Mtu mwingine akisema kwa niaba yake, hata kwa kumwombea dua, haichapishwi.

Marehemu wapeni ukurasa wao, na mimi ningeuweka mwanzoni, mara tu baada ya utangulizi. Miaka kumi kwa darasa la watu wengi kiasi hicho haikosi misiba, na baadhi hamkuijua. Mtu alitoka tu kwenye kundi, mkadhani amebadilisha laini. Usichukue jina lolote kutoka kwenye uvumi wa WhatsApp. Pata ndugu mmoja, umpigie, umpe pole hata kama ni miaka saba imepita, kisha uliza: jina lake kamili liandikweje, alifariki tarehe ngapi, amezikwa wapi, na je, familia inaridhia atajwe. Chanzo cha kifo hakiandikwi ila familia ikitaka. Wajane na watoto vilevile. Badala yake tafuta mtu aliyesoma naye aseme sentensi mbili za kumbukumbu: alikuwa golikipa wa kozi, alikuwa anawapikia chumba kizima bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa. Picha iwe ya enzi za chuo. Za jeneza hapana.

Na usije ukaweka ukurasa huo pamoja na namba ya michango. Michango ya rambirambi, ya harusi, ya sendofu, ya kumsaidia fulani ina kundi lake na mhasibu wake. Siku kijarida kitakapoonekana kinaomba hela, wale 113 walionyamaza watanyamaza moja kwa moja.

Mpangilio: alfabeti. Usipange kwa vyeo, wala kwa nani alijibu mapema, wala usifungue na mheshimiwa. Chini ya kila jina weka kozi, kwa sababu kwenye kundi la 2016 wamechanganyika walioingia 2013 kwa kozi za miaka mitatu na walioingia 2012 kwa sheria na uhandisi za miaka minne, na hawa wawili wanakumbuka chuo tofauti kidogo. Kama kuna wenzenu wa chuo kishiriki cha Chang'ombe mliowakaribisha kundini, waandike bila kuwatenga. Shahada yao ni ya chuo kilekile.

Urefu wa kila aya usizidi maneno themanini kwa yeyote. Hili litakuokoa na yule bwana wa Goba. Mwambie picha ni moja kwa kila mtu na sharti yeye mwenyewe awemo. Nyumba yake ataitaja kwa maneno, "amehamia kwake Goba", na kwa mtu aliyeanza kulipia kiwanja kwa kudunduliza, maneno hayo matatu yana raha yake na wenzake watayapokea vizuri. Picha sita zingewafanya wahesabu madirisha.

Walionyamaza kabisa wapigie simu, usiwatumie ujumbe wa tatu. Anza na wale unaojua hawana ajira, usiwaache wa mwisho. Ukishapata aya tano nzuri za watu wa kawaida, wawili au watatu watakubali uwaonyeshe wenzao kama mfano wa unachotaka, na hapo ndipo utume tena kwenye kundi kubwa. Safari hii kipimo kitakuwa kimewekwa na muuza vitenge wa Kariakoo. Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kwa mfano hivi:

"Habari ya siku nyingi, ndugu yangu. Naandaa kijarida cha miaka kumi. Sihitaji wasifu wa kazi. Niambie kwa maneno yako: uko wapi siku hizi, siku yako inakwenda kwa shughuli gani, na ungependa tujue nini. Mistari mitano inatosha, hata sauti ukituma nitaandika mimi. Nitakurudishia usome kabla ya mtu mwingine yeyote, na usipotaka kutokea, nitaheshimu. Mwisho ni tarehe 30."

Hiyo ya sauti usiiache. Wapo watu ambao kalamu imewapita mbali tangu siku ya kukabidhi tasnifu, lakini wape kitufe cha kurekodi wakiwa wamekwama foleni ya Ubungo, watakueleza miaka kumi yote mpaka wafike Kimara. Kazi yako itakuwa kuipunguza iwe maneno themanini na kuwarudishia.